Jina Dogo kwenye Boksi la Dawa

Benchi la Kiraka, fundi viatu, lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kushindwa na mada. Asubuhi hiyo Kiraka hakuwa na raha. Mama yake ana presha. Alipewa dawa mpya kliniki huku ile ya zamani haijaisha, akawa anameza zote, na sasa akisimama anaona nyumba inazunguka. Kiraka akayaweka maboksi mawili ya dawa hizo kando ya birika la kahawa, akauliza majina magumu namna hii huwa anayatoa nani.

Bora angenyamaza. Domo, kinyozi wa jirani, alisema ni majina ya mabinti wa wenye viwanda. Pancha, fundi baiskeli, akakataa: yamefanywa magumu makusudi, ili mgonjwa ashindwe kuyatamka, arudi kwa daktari. "Mficha uchi hazai," akamalizia, na hakuna aliyeelewa uzazi umeingiaje. Domo akapandisha dau: kuna chumba watu hufungiwa mpaka waote jina.

Ndipo Babu Redio, ambaye taarifa ya habari haimpiti, akaweka kikombe chini.

— Dawa ina majina mawili. Kubwa la juu ni la biashara, kila kiwanda kinabandika lake. Dogo la chini ni la dawa yenyewe. Wataalamu wa dunia hukaa kikao kulichagua, na halina mwenyewe.

— Na dawa zenye undugu? akauliza Domo.

— Mara nyingi mwisho wa majina yao hufanana, kama watu wa ukoo mmoja.

— Na hilo jina dogo, hata ng'ambo wanalijua?

— Litaje karibu popote, mwuza dawa atakuelewa.

Weee! Kiraka alisisimkwa mwili. Kumbe kuna watu, hawamjui mama yake wala hawatamjua, wamekaa mezani wakabishana neno moja ili asipotee njia. Alitamani awape mkono mmoja mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja ndala yake ishonwe alikuwa ameyachukua maboksi, anayageuzageuza.

— Samahani, fundi. Mbona hili jina dogo ni lilelile kwenye yote mawili?

Kiraka akatazama. Herufi kwa herufi, lilelile. Mama yake alikuwa anameza dawa ileile mara mbili.

— Dada, akamwambia dada yake kwenye simu, mama asimeze kitu kingine. Mpelekeni kliniki sasa hivi, nawakuta hukohuko.

Akaondoka mbio na aproni yake, sindano akaiacha imening'inia kwenye ndala ya mteja.

— Maskini, akasema yule mama mwenye ndala. Sasa ni nani aliyewaambia ameze zote mbili?

Domo akachungulia birika. Pancha akatazama barabara. Shauri hilo lilipitishwa wiki iliyopita, hapohapo kwenye benchi, bila mtu kupinga, Babu Redio akiwa mwenyekiti.