Marekebisho ya Jana Jioni

Pale Kiuu, Ruiru, penye nguzo ya stima iliyolala upande, kuna benchi lisilo na mwenyewe. Ni ubao mrefu wa wajenzi uliolazwa juu ya mawe mawili, na mbele yake Abdulkarim huweka jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Wanaopajua hupaita Nguzoni. Hapo hukaa Bedan, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo huko Thika hadi kiwanda kilipofungwa. Bedan wanamwita Transfoma, kwa sababu kila jambo analolieleza, hata ndoa ya jirani ikivunjika, lazima mwishowe litue kwenye stima. Hukaa pia Jeconia, baba Maxine, mwashi aliyetoka Siaya, ambaye jina lake la benchi ni Wakili kwa jinsi anavyopenda kudai ushahidi. Na hukaa Calvince, kijana wa makamo asiyeonekana bila mkoba wa kompyuta begani. Huyo ni Laptopu.

Asubuhi hiyo Calvince alifika kabla ya wenzake. Alifungua kompyuta juu ya magoti, na kahawa aliyomiminiwa ikapoa bila kuguswa.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imesambaza mashine za kutotoa vifaranga kwa vikundi vya akina mama, kuanzia Kiuu mpaka Ngoingwa kule Thika. Kila mashine ilikuwa kama kabati dogo lenye mlango wa kioo, na ndani yake kompyuta ya kadiri ya kiganja, yenye laini yake ya simu. Kompyuta hiyo ndiyo iliyolinda joto na kugeuza mayai. Programu yake ikiwa na kasoro, Calvince hakuhitaji kupanda gari. Alifungua dirisha jeusi kwenye laptopu yake, akaandika mstari mmoja wa amri, akabonyeza, na marekebisho yakaenda kwa mashine zote kwa mpigo, yeye akiwa ameketi kitandani na soksi zake. Aliipenda kazi hiyo. Alipenda hasa ule wakati wa kungoja, mashine zinapoanza kujibu moja moja kwamba zimepokea, kama watoto wanaoitikia majina yao darasani.

Jana yake jioni, ofisi ya Nairobi ilimtumia faili jipya na kumwagiza alipeleke kwa mashine zote. Desturi yake ilikuwa kuanza na moja, aitazame siku nzima, ndipo apeleke kwa nyingine. Akaandika kuuliza kama angeweza kufanya hivyo, na pia faili lile lilikuwa linarekebisha kitu gani. Mkubwa wake akamjibu kwa maneno mawili: leo, zote. Calvince akatuma. Mashine zikaitikia vizuri, isipokuwa moja ya Ngoingwa ambayo laini yake ilikuwa imeishiwa na bando. Akafunga laptopu akaenda kula.

Simu ya kwanza asubuhi ilikuwa ya Awiti, mkewe Jeconia. Awiti ndiye aliyetunza mashine ya kikundi cha Kiuu, na Calvince mwenyewe ndiye aliyemshawishi aichukue, akimwambia ni kazi ya kukaa nyumbani na kuangalia namba tu. Namba ikisoma thelathini na saba na nusu, alimwambia, wewe lala. Basi Awiti alilala, kwa maana namba ilisoma hivyohivyo usiku kucha. Alipoamka na kukigusa kioo kwa kiganja, kilikuwa baridi kama sufuria ya jana.

Calvince alikwenda mbio na waya wake. Marekebisho yalikuwa yameiwasha mashine upya, na tangu hapo kifaa cha joto hakikuwaka tena. Skrini ilibaki imeganda kwenye ile namba ya mwisho. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa imeganda, haikusikia amri yoyote kutoka mbali. Alichomeka waya, akairudisha programu ya zamani kwa mkono, na joto likaanza kupanda. Kisha Awiti akatoa yai moja, akaliweka juu ya tochi ya simu. Mishipa ilionekana, na kile kivuli cheusi cha kifaranga ambacho juzi kilikuwa kikirusharusha mguu. Waliangalia muda mrefu. Hakikurusha kitu. Wakajaribu la pili, na la tatu, halafu Awiti akazima tochi.

Alipomuuliza imekuwaje, Calvince alimwambia laini ya simu ndiyo iliyosumbua. Haukuwa uongo kamili, na haukuwa ukweli.

Sasa alikuwa Nguzoni, akizipigia mashine nyingine hodi kwenye dirisha jeusi. Hakuna iliyojibu. Alijua maana yake: kule Juja, kule Gatuanyaga, kule Thika, kulikuwa na vioo baridi na namba nzuri. Ofisi ilikuwa imempigia na kumwambia asizungumze na mteja yeyote, angoje faili lingine. Jambo moja tu alilifanya bila ruhusa. Alimpigia mama wa Ngoingwa, Mbinya, akamwomba asiweke bando kwenye laini ya mashine yake hata akiambiwa na nani. Mbinya aliuliza kwa nini. Calvince akasema atamweleza akimwona, yuko Kiuu pale kwa kahawa, akakata simu.

Bedan alifika, kisha Jeconia. Jeconia hakusalimu kama kawaida yake. Alikaa pembeni kabisa mwa ubao, mikono katikati ya magoti, na Abdulkarim akamwekea kikombe bila kuulizwa. Habari za mayai zilikuwa zimeshazunguka mtaa.

Bedan ndiye aliyeanza, na alianza pale alipoanzia siku zote. Alisema stima ya Kiuu ni ya watu wachache lakini wanagawana wengi, kwamba usiku inashuka mpaka balbu inakuwa kama kaa la moto, na mashine ya namna ile ikikosa nguvu inajifanya inafanya kazi tu. Jeconia akamuuliza ushahidi uko wapi, maana friji ya jirani ililala ikinguruma. Abdulkarim akaona stima haina makosa. Makosa ni ya mayai. Yalikuja na lori, nani anajua yalikotoka, pengine yalishalala kwenye barafu. Jeconia akamjibu kwa sauti ya chini kwamba aliviona vifaranga vikicheza ndani, kwa macho yake, juzi. Bedan akageuza. Basi ni ule mlingoti wa simu uliowekwa juu ya ghorofa jipya, unayapika mayai kutoka ndani polepole. Abdulkarim akasema hapo sasa wanakaribia, lakini mlingoti nao unatumwa na mtu. Kuna matajiri wanaouza vifaranga kwa malori, na hawawezi kufurahi mama wa ploti akitotoa vyake jikoni. Bedan akalichukua hilo akaliongeza kimo: si matajiri wa hapa, ni wa ng'ambo, wanatazama kutoka kwa setilaiti ni nyumba gani ina joto la mayai, wanalizima. Alieleza vile wanavyochagua nyumba. Alieleza hata kwa nini wanapenda kuanza na Ruiru.

Siku nyingine wangecheka. Calvince aliinamia skrini yake na kuyasikiliza maneno hayo yakipanda, akagundua kwamba alikuwa akiyashukuru. Kila nadharia iliyokwenda mbali zaidi ilimwacha yeye nyuma kidogo, salama.

Kisha Jeconia akasema yake.

— Nyinyi mnazunguka bure. Ni bibi yangu.

Abdulkarim akaacha kupepea makaa.

— Wamama wamekuja asubuhi wote, akaendelea. Wamekaa kwa nyumba yangu. Wanasema Awiti alizima mashine usiku ndio tokeni ya stima isiishe. Nikamuuliza mbele yao. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, na nilimuuliza vibaya. Sasa amefika mahali anasema labda aligusa switchi akifagia. Hata yeye hajui tena.

— Lakini namba si ilikuwa sawa? Bedan akauliza.

— Ndio anasema. Hakuna mtu anamwamini. Mashine inaandika joto na iko baridi? Hiyo ni kitu ya kuambia watu?

Aliwaeleza kwamba kikundi kimeshaamua Awiti hatashika tena kazi yoyote ya pamoja. Hawakumtukana. Walitoka mmoja mmoja wakimpa pole, na ile pole ndiyo iliyomvunja. Jeconia alipomwacha, Awiti alikuwa amekaa chini mbele ya mashine, mlango wazi, joto likitoka bure, akitoa yai moja moja na kuliweka kwa karai.

Bedan akamgeukia Calvince.

— Laptopu, wewe ndio umesomea hizi vitu. Unasemaje? Inaweza andika joto na iko baridi?

Calvince aliiona njia ikiwa wazi mbele yake. Neno moja lingetosha. Alifikiria kodi ya nyumba, akafikiria mkubwa wake, na akafikiria pia kwamba kwa siku chache hasira ya mtaa ingepita na Awiti angesahau. Alijua hiyo ya mwisho haikuwa kweli.

— Bado naangalia, akasema.

Jeconia alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo. Akasema asante, omera, ndugu yangu, kwa kuja asubuhi na waya. Bila wewe hata hiyo mashine ingekuwa imekufa. Calvince aliandika amri nyingine kwenye dirisha jeusi, akijua kabisa haitafika popote, ili tu mikono yake iwe na kazi.

Jua lilikuwa limepanda, nao walikuwa kwenye kikombe cha pili wakati mwanamke mmoja alipovuka barabara akija upande wao, kitambaa kichwani, viatu vikiwa na vumbi jekundu. Alisalimu wote, akauliza kati yao Calvince wa mashine ni nani. Akajitambulisha: ni Mbinya, wa Ngoingwa. Alikuwa amekuja kumwona dada yake Ruiru na akaona heri apitie, kwa kuwa ile simu ya asubuhi ilimtia wasiwasi. Abdulkarim akampa nafasi, naye akakaa karibu na Jeconia bila kumjua.

— Yangu inaendelea vizuri, akasema. Vimeanza kutoka tangu asubuhi. Nimemwacha msichana wangu akiangalia. Lakini nimepigia wenzangu wa Thika, wote wanalia. Na wewe uliniambia nisiweke bando. Kwa hivyo kuna kitu mlituma jana kwa laini, na yangu haikupata?

Calvince akafunga laptopu.

— Haikupata, akasema.

— Mlituma nini? Bedan akauliza. Nani alituma?

— Ni mimi. Nilituma jana jioni, kwa mashine zote. Ndio ilizima joto na ikaacha namba hapo. Akamtazama Jeconia, kisha akashindwa kuendelea kumtazama. Baba Maxine, Awiti hakugusa kitu. Hakuna kitu alikosea. Niliambiwa nisiseme.

Mtaa uliendelea na mambo yake. Mahali fulani mtu alikuwa akikata vyuma, na sauti ile ilipita juu yao ikarudi. Kila mmoja alingoja Jeconia ainuke amshike shati, na pengine Calvince ndiye aliyelingoja hilo kuliko wote. Jeconia hakuinuka. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama Calvince alikuwa akilijua jambo hilo asubuhi, alipokuwa nyumbani kwake amepiga magoti na waya mkononi. Calvince akasema alilijua. Jeconia akauliza kama alilijua pia dakika chache zilizopita, yeye alipokuwa akieleza habari za mkewe. Calvince akasema ndiyo.

— Sawa, Jeconia akasema.

Mbinya alikuwa akiwatazama kwa zamu, na polepole akaelewa ameketi kando ya nani. Akamwambia pole. Halafu akamgeukia Calvince, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaka kujua kitu kabla hajaenda zake.

— Mimi sijasomea hiyo kazi. Lakini mashine yangu ni ile ya zamani, na vifaranga vinatoka. Za hao wengine zilikuwa kama yangu. Zilikuwa na ugonjwa gani?

Calvince akaweka kiganja juu ya laptopu iliyofungwa. Alijaribu kulikumbuka lile faili, na alichokumbuka ni jina lake tu, herufi na tarakimu zisizosomeka. Hakuwahi kuona mashine hata moja ikilalamika wiki ile. Awiti hakuwa amelalamika. Akaangalia simu yake kana kwamba ofisi ingepiga wakati huohuo imweleze.

Abdulkarim aliinua birika kumjazia mgeni, akalirudisha bila kumimina. Bedan alikwaruza ubao kwa ukucha. Jeconia ndiye aliyegeuka na mwili wote. Alimtazama Calvince usoni akingoja, naye alingoja kwa dhati, kana kwamba jibu lolote, hata dogo, lingemfaa kulipeleka nyumbani.

Akanywa kahawa iliyobaki. Kisha akakiweka kikombe chini, akasema anakwenda kuchimba shimo la kuyazika mayai kabla watoto hawajatoka shule, akaondoka.