Dugald Imrie, Beki wa Klabu Saba

Ndugu waombolezaji, mimi Effie, dada wa marehemu, nimeombwa na familia nisome historia hii, na kwa kuwa kaka yangu hakupenda kuambiwa ukweli, leo angalau atanisikiliza hadi mwisho.

Marehemu Dugald Imrie alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Lochgelly, Uskoti, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, akasoma hapa hapa, akaacha shule mwaka 1966 akijiona ameshakuwa nyota, nyota ambayo sisi wengine hatukuwahi kuiona. Alicheza beki katika klabu saba kwa miaka kumi na sita, akafunga mabao manne, mawili kwenye lango lake mwenyewe, na kila alipoachwa alisema kocha ndiye hajui mpira. Mwaka 1974 alimwoa Senga Pryde, aliyevumilia kuhamahama naye, wakajaliwa binti mmoja, Catriona, aliyezaliwa Juni 1976 baba yake akiwa baa akimtukana mwamuzi.

Tarehe 9 Oktoba 1979, katika mazoezi ya Kirkbrae, mojawapo ya zile klabu saba, marehemu alimvunja mguu Ewan Rennie, beki mwenzake aliyekuwa amepangwa kuchukua nafasi yake Jumamosi, akaapa ni bahati mbaya, Jumamosi akacheza yeye, wakafungwa matano. Ewan hakucheza tena, akawa tarishi, akasambaza barua mji mzima huku akichechemea.

Mwaka 2021 marehemu alipatwa na ugonjwa wa mapafu, na katika wachezaji wote aliojigamba nao, aliyekuja ni Ewan peke yake, kila Alhamisi, na supu ya shayiri. Siku moja, mimi nikiwepo, marehemu alimwuliza:

"Ewan, ulijua nilikusudia?"

"Tangu siku ile, bwege wewe. Ulitazama mguu, hukutazama mpira."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Kunywa, supu inapoa."

Marehemu alilia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akaomba radhi, akafariki tarehe 12 Februari 2023.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na majirani, na zile klabu saba, ambazo hazikuleta hata ua moja, tunazishukuru kwa kutotupotezea muda. Jeneza litakaposhushwa, kamba ya upande wa kichwa, ambayo kwa desturi yetu hushikwa na mtu wa karibu kuliko wote, Catriona amempa Ewan, naye amekubali.

Hukustahili rafiki kama huyo, kaka yangu Dougie. Pumzika kwa amani hivyo hivyo.