Swali Lililoulizwa Chumba Kitupu

Risala ya Wanawake wa kijiji cha Lindi, Kibra, kwa Sheikh Kadhi, siku ya kufunguliwa darasa la wasichana, mwaka 1949

Mgeni rasmi, Sheikh wetu uliyeacha lami ya mjini ukaja kuchafua kanzu yako kwa matope yetu. Wazee wa msikiti. Waume zetu mliokaa mbele, na wana wetu mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Karibu Kibra. Tumeonywa kwamba risala isiwe ndefu kwa kuwa pilau inapoa. Tumesikia. Ila pilau hiyo tumeipika sisi, na tumeifunika vizuri.

KUHUSU SISI NA MAHALI HAPA

Sheikh, babu zetu walikuwa askari. Walitoka Sudan wakapigana vita vya watu wengine, na walipozeeka Serikali ikawaonyesha msitu huu, ikampa kila mmoja karatasi ya shamba. Kwenye karatasi mna jina la askari. Jina la mkewe halimo, wala la binti yake. Mwanamke wa Kibra anakaa juu ya ardhi kwa jina la baba, kisha la mume, kisha la mwana, na akiwakosa wote watatu huanza kufunga mizigo. Jambo hili tunaomba ulishike, kwa sababu bila hilo hutamwelewa Mzee Fadul tutakayemtaja hapo mbele, na sisi hatutaki umwone mtu mbaya.

Kikundi chetu kilianza wakati wa vita, wanaume walipokwenda Uhabeshi na Burma. Tulilima, tukaezeka mapaa, tukauguza wagonjwa, tukauza maziwa mpaka Kawangware. Vita vilipokwisha walirudi, Alhamdulillahi, wale waliojaliwa kurudi, na wakataka kila kitu kikae palepale walipokiacha. Vyungu vilikaa. Sisi ndio tulioshindwa kukaa. Si kiburi. Mtu aliyezoea kuamua mwenyewe lini paa liezekwe, hasahau kuamua kwa sababu tu koti la mume limerudi msumarini.

MAFANIKIO

Darasa hili unalolifungua leo tumelisiliba kwa mikono yetu. Wasichana wetu watasoma Kurani asubuhi na hesabu baada ya adhuhuri, na yule mzee aliyesema hesabu zitawafanya wabishi ametuletea mlango bure, kwa hiyo tumemsamehe.

Lakini fahari yetu kubwa ni binti mmoja, Mabrouka binti Abdelkarim. Baba yake alibaki Burma, na mama yake hakukawia kumfuata kaburini. Alilelewa na bibi yake, Bakhita, ambaye Lindi nzima humwita Haboba, yaani nyanya. Mabrouka ndiye wa kwanza kati ya mabinti zetu kuchukuliwa na hospitali ya wazazi mjini kujifunza ukunga. Siku ya kwanza alipelekwa kwa baiskeli na ami yake, Mzee Fadul, naye mzee amevaa nishani zake zote utadhani ndiye aliyeajiriwa. Njia nzima alimwambia kila aliyekutana naye kwamba mtoto wa marehemu ndugu yake anakwenda kuwa daktari. Hakuwa anakwenda kuwa daktari, lakini nani angekuwa na moyo wa kumkatiza?

Tangu hapo wanawake wa Lindi wanazaa bila kuaga watoto wao kwanza. Mabrouka si msemaji. Asiyemjua humwita mnyonge, na mama aliyekwisha kujifungua mbele yake hucheka akisikia neno hilo.

MATATIZO

Tatizo la maji na la njia unalijua, umelikanyaga ukija. Tuseme yale yasiyokanyagika.

Siku hizi Kibra hakuna baraza lisilozungumza ndoa. Vijana wanasema wasichana wamekuwa wajuaji, wakienda mjini wanarudi na viatu na maneno. Wasichana wanasema vijana wanataka mke wa zamani kwa maisha ya sasa. Sisi tumewasikiliza wote huku tukichagua mchele, na tuliyoyaona ni haya: kijana wa leo anatafuta mke asiyetoka nyumbani, na wakati huohuo anataka mshahara wa yule anayetoka. Na msichana wa leo, tusipendelee, anatafuta mume tajiri, mpole, na asiye na mama. Wote watazeeka wakitafuta.

Hayo ni ya kucheka. Lipo moja lisilochekesha, nalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusoma risala.

Murjan, dereva wa lori, kijana wa heshima asiye na ulevi wala matusi, alileta posa kwa Mabrouka. Alikuwa na sharti moja: akiolewa aache hospitali. Mzee Fadul akalikubali. Haboba alipomuuliza kwa nini, mzee alitazama chini, akasema: "Mimi nimezeeka. Nikifa, karatasi inakwenda kwa wanangu, na wake zao hawatampa huyu mtoto hata pembe ya jiko. Namtafutia paa." Ndiyo maana tulikuomba mapema usimwone mbaya.

Mabrouka alimwendea bibi yake akasema hataki. Hakuwa na chuki na Murjan. Aliwaza kazi yake, na aliwaza asubuhi zote za maisha yake akiomba ruhusa ya kwenda kufanya jambo alilokwisha kulijua. Haboba akamjibu jinsi alivyofundwa yeye: "Usigombane na ami yako uani. Mlangoni utaulizwa, mashahidi wakisikia. Hapo ndipo pako. Usemee hapo."

Desturi yetu unaifahamu, Sheikh, lakini tuiseme kwa ajili ya wageni. Bi harusi hufungiwa chumbani siku nyingi, akasingwa, akafukizwa dukhani, ule moshi wa kuni za mgunga unaolainisha ngozi na kutoa machozi. Siku ya ndoa, wakili na mashahidi husimama nje ya mlango uliofungwa, wakamuuliza kama amekubali kuozwa na fulani. Binti ana haya. Akinyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa ndiyo. Mabrouka alivumilia moshi wote ule kwa ajili ya swali hilo moja. Kila alipochoka alijikumbusha kwamba mlango utabishwa, na kwamba kwa mara moja katika maisha yake wanaume watanyamaza wamngoje aseme.

Ijumaa ya ndoa, adhuhuri ikikaribia, akaja Njambi wa Kawangware, mteja wetu wa maziwa, mbio, leso mkononi. Mke wa mwanawe alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto amelala upande. Njambi alikuwa amesikia kuna mkunga Lindi. Hakujua kwamba mkunga ndiye bi harusi. Haboba akamweleza kwa upole kwamba bi harusi hatoki, hata nyumba ikiwaka moto hutolewa wa mwisho.

Mabrouka alisikia kutoka ndani. Akavaa buibui la bibi yake juu ya hina na manukato, akachukua mfuko wake wa kazi, akatokea mlango wa nyuma. Alikadiria atarudi kabla ya alasiri, saa iliyopangwa ya ndoa. Mtoto wa Kawangware hakukadiria hivyo.

Haboba alibaki na mlango uliofungwa na siri asiyojua aiweke wapi. Aliona aibu kwenda kwa wanaume kusema bi harusi yuko Kawangware. Akasema moyoni, atawahi. Basi wingu likatanda upande wa Ngong, wazee wakaogopa sufuria zisinyeshewe, wakaamua kuwahisha mambo. Haboba wakati huo alikuwa jikoni, akiamini muda bado. Wakasimama mlangoni wakauliza mara tatu, kama inavyopasa. Chumba kikanyamaza mara tatu. Tunaambiwa shahidi mmoja alifuta machozi, akasema binti mwenye haya kama huyu hajapata kumwona. Wakarudi, khutba ikasomwa, doluka, ngoma zetu za harusi, zikalia.

Mabrouka alirudi mvua ikimpiga, buibui lina damu, uso unang'aa, kwa sababu mtoto amepatikana mzima na mama yake mzima. Alipofika langoni akapokewa kwa vigelegele. Alidhani ni vya yule mtoto.

Sheikh, sisi tuliokuwapo hatutausahau uso ule ulivyobadilika alipoelezwa.

Alimwendea ami yake akamwambia hakuwamo chumbani. Mzee Fadul akakaa kitako. Wazee wakakutana wakasema mashahidi wameuliza, hakuna aliyekataa, ndoa imesimama. Mabrouka amekataa kuhamia kwa Murjan. Murjan naye hataki kutoa talaka, na hatumlaumu sana, maana alituambia waziwazi: "Nikimwacha, kila baraza litasema mimi nilioa chumba." Na kwa kuwa wazee wanamhesabu mke wa mtu, wamemkataza kwenda kazini bila idhini ya mume. Tangu wakati huo amekaa kwa Haboba. Si mke, si mwari, si mkunga. Hospitali haitamngoja milele, na wanawake wa Lindi tumerudi kuzaa kwa kubahatisha.

MAONI YETU

Tusikudanganye kwamba sisi tuna kauli moja. Tulijadiliana mpaka chai ikageuka maji.

Fatna, mweka hazina wetu, alisema tusiwanyang'anye mabinti kimya chao. Yeye siku yake alinyamaza kwa furaha, na kama angelazimishwa kuongea angezimia. Tulimwelewa. Kuna ndiyo ambayo haina sauti, nayo ni ndiyo kamili.

Haboba akaweka kikombe chini, akasema: "Na mimi nilinyamaza. Hakuna aliyeuliza ni kimya cha namna gani." Hatukumuuliza zaidi. Wengine tulitazama mikono yetu.

Njambi, aliyekuja kutoa shukrani akabaki kusikiliza, alishangaa sana. Akasema: "Kwetu msichana anapewa pombe mbele ya watu wote, anaulizwa, hii tukunywe ama tusikunywe? Akikataa kuonja, hakuna mzee anaguza kikombe." Sheikh, usishtuke. Hatuombi pombe. Tunaomba swali.

Wako wanaume waliotuuliza: wasichana wakianza kuulizwa uso kwa uso, nani ataolewa? Tuliwajibu: wataolewa wanaotaka, na waume zao watalala usingizi. Kuna mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka ghafla akamtazama mkewe.

MAOMBI

Kwanza tunaomba msichana anapoulizwa, mlango ufunguliwe. Kama ana haya, ajitande, anyamaze, ainamishe kichwa, yote hayo ni yake. Lakini pawe na mwanamke mtu mzima kando yake, na mashahidi waone kwamba aliyenyamaza ni mtu.

Sharti lolote la kuacha kazi, kuacha masomo au kuhama lisemwe kwake pia, kabla ya mahari. Mwanamume ana haki ya kutaka mke wa nyumbani, na amtafute anayetaka kuwa mke wa nyumbani. Hapo hatuna ugomvi naye.

Tunakuomba pia, unapokutana na wakubwa wa Serikali, uwakumbushe ile karatasi. Wakiweka humo majina ya binti na mjane, ami kama Mzee Fadul hatakuwa na haraka ya kutafuta paa kabla ya wingu. Hatusemi hivi kumtetea tu. Tumeona jinsi anavyopita mbele ya nyumba ya Haboba siku hizi, ameshuka kwenye baiskeli, anaikokota.

La mwisho ndilo zito. Tunakuomba uiangalie ndoa hii ya Mabrouka. Hatukuja kukufundisha sheria. Wewe umesoma, sisi tumezaa. Lakini tunavyojua, baba hakuwapo, aliyemwoza ni ami, na ridhaa ya binti ilikuwa lazima. Iliulizwa. Tunachokuomba utamke, mbele ya wazee hawa na mbele ya Murjan ambaye pia ameonewa, ni kama chumba kitupu kinaweza kuridhia. Ukisema hapana, Murjan hatakuwa ameacha mke wala hatakuwa amekataliwa na mke. Atakuwa kijana aliyenyeshewa kama sisi sote.

Sheikh, tumekaa nyuma ya pazia kama adabu inavyotaka, na hukuuliza ni nani anayekusomea. Anayekusomea ni Mabrouka binti Abdelkarim. Risala tumeitunga sisi, na maneno yanayofuata ni yake.

Mimi nipo. Ami Fadul, Mungu akulipe kwa yote uliyonitendea, nakupenda. Murjan, wewe ni mtu mwema na utapata mwenzako. Mlikuja mlangoni mkaniuliza, nami sikuwapo. Leo nawajibu. La.

Mgeni rasmi, umesikia wewe, na wamesikia mashahidi wengi kuliko wale wa siku ile. Mungu akuzidishie elimu, akupe masikio yasiyochoka na hukumu isiyomwonea mtu, akurudishe mjini salama, na awarehemu baba zetu waliobaki mbali bila kuozesha binti zao. Sasa tunanyamaza tukusikilize, na tunakuomba kimya hiki kisihesabiwe kwamba tumekubali lolote.

Ni sisi,
Wanawake wa Lindi, Kibra.