Stanislas Kisimba na Feni Mbili za Jikoni

Tarehe 30 Novemba 1957, baada ya miaka ishirini na minane na miezi minane ya kazi, Bwana Stanislas Kisimba, mpishi mkuu wa Nyumba ya Wasafiri hapa Kamina, atavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Uongozi umeniomba mimi, Gamaliel, karani wa nyumba hii, niandike wasifu wake kwa ufupi na kwa furaha. Ufupi nitajitahidi. Furaha ipo tele, hasa nikikumbuka habari ya moshi.

Aliingia kazini Machi 1929, akiwa mwosha sufuria. Miaka sita baadaye alikabidhiwa mwiko, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya tangu siku hiyo. Abiria waliokwama hapa wakingoja treni ya kwenda Bukama wamekula kwake hadi wakasahau wanangoja nini. Ni Mkatoliki asiyetetereka, na kila Ijumaa ametukaangia samaki sote, hata sisi Wamethodisti ambao hatukuwa tumemwomba.

Samaki hao ndio chanzo cha yote. Jikoni kwetu kuna majiko matatu ya kuni, ubavu kwa ubavu, na Ijumaa makarai mawili ya mafuta huchemka kwa pamoja. Moshi ulikuwa ukipanda, ukizunguka dari, kisha ukienda kulala vyumbani na wageni. Mama Kabedi, mfuaji wetu, alifua kila shuka mara mbili na bado likanuka. "Miye nafua mashuka, ao nafua samaki?" aliuliza.

Mwaka 1953 tukaletewa msimamizi mpya wa majengo. Tulimwita Bwana Kipimo, kwa sababu utepe wake wa kupimia haukutoka mkononi hata wakati wa chakula. Alitangaza kwamba tutawekewa kofia kubwa ya bati juu ya majiko, yenye feni ya umeme ya kuvuta moshi. Tulipiga makofi. Akapima urefu wa jiko, upana wake na kimo cha dari, akazidisha, akapiga mstari chini ya jibu. Halafu, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akaagiza feni iliyo sawa na ile ya nyumbani kwake, ambako mkewe, Madamu, alikuwa akikaanga mayai mawili kila asubuhi.

Kisimba alimwambia kwa adabu, mbele yangu, "Bwana, weye unapima nyumba, lakini moshi inatoka mu karai." Bwana Kipimo alicheka kwa ukarimu. Kofia ikatundikwa juu sana, ili yeye mwenyewe, aliye mrefu, asigonge kichwa siku akipita kukagua. Bomba la moshi likapindishwa mara nne ili kuyakwepa mawaridi ambayo Madamu aliyapanda nyuma ya jiko letu. Feni ikawashwa. Ilivuma vizuri ajabu, na moshi ukapita chini yake bila kuisalimu.

Baada ya tafakuri ndefu, Bwana Kipimo akagundua kosa liko wapi: kwa mpishi. Akanisomea barua, nami nikaipiga chapa: Kisimba anatumia kuni mbichi kwa makusudi, na akirudia atafukuzwa. Niliipiga bila kosa hata la herufi moja, na nakiri nilijivunia. Barua ikaingia katika faili lake. Mtu mwenye barua ya namna hiyo hapewi Cheti cha Utumishi Mwema siku ya kuondoka, na Kisimba alikuwa amekwisha kupigilia msumari wa cheti hicho ukutani kwake. Mkewe, Mama Ndaya, alikuwa akitundika hapo kikapu cha vitunguu kwa muda tu.

Mwaka uliofuata ikaja feni ya pili. Kama ya kwanza ilikuwa ndogo, Bwana Kipimo alisema, dawa ni kubwa. Hii ilikuwa na nguvu ya kukausha mgodi. Ili nzi wasiingie, aliamuru pia madirisha yote yafungwe na kila ufa uzibwe. Ijumaa ya kwanza, wageni wakiwa wamejaa mezani, feni ikafyonza hewa yote ya jikoni. Ilipoikosa nyingine, ikaanza kuivuta kupitia dohani za majiko yenyewe. Moshi uliokuwa ukitoka ukarudi ndani, na masizi yakatua juu ya samaki.

Bwana Kipimo akaanza kunisomea barua ya pili papo hapo, huku akikohoa. Hiyo ndiyo ingekuwa ya kumfukuza. Nilikuwa nimeshika penseli. Kisimba alikwenda akaupiga teke mlango wa nyuma, ukafunguka, na kufumba na kufumbua moshi ukageuka ukapanda ndani ya kofia.

"Feni inavuta, Bwana," akasema. "Sasa hewa ingine itaingilia wapi? Ukifunga mulango, itashuka mu dohani na moshi yote. Ndiyo vile."

Alifanya matengenezo mwenyewe kwa siku mbili. Aliishusha kofia hadi mkono mmoja juu ya makarai, akaipanua shubiri moja kupita ukingo wa majiko, akanyoosha bomba (mawaridi yakafa kishujaa), akafungua dirisha dogo la wavu karibu na sakafu, akapunguza mwendo wa feni. Kipimo chake kilikuwa karatasi moja. Unaiweka kwenye ukingo wa kofia: ikianguka, feni ni dhaifu, ikinyakuliwa na miali ya moto ikaifuata, imezidi, ikishika na kutulia huku moto umesimama wima, basi pika. Amefanya hivyo kila Ijumaa tangu siku ile.

Bwana Kipimo aliwaandikia wakubwa juu ya "njia yangu ya karatasi", akapongezwa, akapandishwa cheo, akahamishwa. Tulitaka kulia, ila moshi haukuwepo tena wa kutusaidia.

Ile barua ya kuni mbichi ilibaki failini. Kila Januari Kisimba alikuja ofisini, akavua kofia, akauliza, "Karani, ile barua iko bado?" Nami nilimjibu kwamba ipo, na kwamba kanuni ni kanuni. Sasa niseme ukweli. Kuni zile zilikuwa kavu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea na kutia sahihi kila mwezi. Nilijua wakati naipiga ile barua, nikanyamaza, kwa woga. Naona aibu.

Ijumaa iliyopita alipima feni kwa mara ya mwisho, akaomba karatasi. Nilimletea moja kutoka katika faili lake. Aliisoma, kisha akaiweka kwenye ukingo wa kofia. Ikashika vizuri kabisa. Alipozima feni, ikaangukia motoni.

Mchana huo nilipiga chapa Cheti cha Utumishi Mwema, nikakosea herufi mbili. Msimamizi aliyekuja baada ya Bwana Kipimo amekitia sahihi hivyo hivyo.

Baba Kisimba, asante kwa miaka yote, na unisamehe. Nenda ukapumue hewa safi pamoja na Mama Ndaya, na mwambie avitafutie vitunguu mahali pengine.