Kasha la Kadi Ijayo

Nyuma yangu kwenye basi walikaa watu wawili wasiojuana, seremala mwenye vumbi la mbao nywelini na dada mmoja fundi kompyuta. Kabla hatujafika mbali walikuwa wakibishana kama mashemeji.

"Kadi mpya ya picha, ile ya kompyuta za michezo, ikitoka, hizi za sasa zitauzwa bei ya kutupa," alisema seremala. "Kampuni pinzani hazilali."

"Hizo ni tetesi, kaka. Kila mwaka mnaambiwa bei itashuka, na kila mwaka mnakuja dukani kwangu kuguna."

"Mimi nangoja hiyo mpya. Kasha la kompyuta nimeshalichonga kwa mbao, nafasi ya hiyo kadi nimeiacha sawasawa."

"Vipimo umevipata wapi, na kadi yenyewe haijatoka?"

"Mtandaoni. Kuna picha."

Nilikohoa ili nisicheke.

"Picha hiyo imepitwa na wakati," dada akasema. "Sasa wanasema itakuwa nene zaidi, ina feni tatu."

Basi likasimama kwenye kituo alichokiomba seremala. Hakushuka. Alitoa futi mfukoni, akaivuta. "Nene kiasi gani, dada?"

Na yule asiyeamini tetesi akaishika ncha ya futi, akakunja uso, akaanza kupima hewa.