Mzee Gaudensi Mbunda, Mpasha Joto wa Mafuta Mazito

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, marehemu Gaudensi Mbunda alizaliwa Matogoro tarehe 14 Machi 1959, ingawa kitambulisho chake kinasema 1961, naye alipoulizwa alijibu kuwa miaka hiyo miwili ameiazima, na hadi leo hatujui aliiazima kwa nani.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, na tarehe 2 Mei 1980 akaajiriwa katika kiwanda cha tumbaku hapa Songea, upande wa boila, ambako hadi anastaafu mwaka 2014 kazi yake ilikuwa kuhakikisha mafuta mazito ya kuwashia boila hayagandi bombani, kwa maana mafuta yale yakipoa huwa kama ugali wa jana, hayasogei, boila inazimika na kiwanda kizima kinalala. Nyumbani hakuna aliyeielewa kazi hiyo, tulijua tu kwamba baridi ya Juni ikianza, baba hachelewi kutoka ila huchelewa kurudi.

Tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa na Domina, wakajenga Mjimwema, wakajaliwa watoto watatu, Careen, Emanuel na Leticia.

Tarehe 3 Juni mwaka huu alipata kiharusi, akapoteza kauli, akalazwa, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa, kwa sababu mkono wake mmoja uliobaki na nguvu haukutulia, uliupapasa mrija wa dripu kutoka juu hadi chini, ukauvutia ndani ya blanketi, tukadhani anataka kuung'oa, wengine wakasema amekata tamaa, na Domina, kwa kumpenda, akaushikilia mkono huo siku tatu za mwisho, huku mumewe akimtazama na kutikisa kichwa, mpaka alipokata roho tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi.

Jana Romanus, aliyefanya naye kazi kwenye boila, alisimuliwa hayo, akauliza kama mrija ulikuwa wa baridi, kisha akalia. Alisema mpasha joto hulipapasa bomba kwa mgongo wa kiganja kutoka tangi hadi boila, na penye ubaridi hufunika kwa gunia, la sivyo moto unazimika. Basi tuseme nini? Huenda alikuwa kazini kwake, huenda kweli alitaka kuung'oa. Romanus hana hakika, sisi hatuna, na Domina tangu jana hajatia kitu mdomoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mjimwema na wafanyakazi wenzake wa zamani. Domina ameomba lisomwe na hili kwako wewe mumewe, kwamba umsamehe, alidhani anakuzuia usiondoke. Pumzika kwa amani, Mzee Gaudensi, mkono ameuachia.