Pengo Katika Wimbo wa Baba

Namshukuru Mungu aliyenifikisha saa hii nikiwa hai, nisimame mbele yenu. Ndugu zangu, ushuhuda wangu una mahali ambapo hata mimi mwenyewe sipaelewi. Nitausema hivyo hivyo.

Baba yangu alipiga gitaa la solo katika bendi moja ya jazz hapa Mwanza. Alitunga wimbo wa ala tupu, hauna maneno, na watu waliupenda sana. Unaanza taratibu, besi na tumba zinatembea kama watu wasio na haraka. Kisha solo linapanda, linauliza kitu, na ghafla linanyamaza. Tumba zinabaki zenyewe. Linauliza tena, linanyamaza tena. Hata kwenye chemko, pale watu wanapojaa uwanjani kucheza, lile pengo lipo.

Watu wa mjini walikuwa na maelezo yao. Walisema penye pengo ndipo linapokaa jina la mwanamke ambaye baba hakuthubutu kumtaja. Nilipokuwa darasa la tano baba aliondoka nyumbani, hakurudi, na mama akaamini amemfuata huyo. Wimbo ukianza redioni, mama anazima. Mimi nakwenda kuumalizia kwa jirani.

Ndugu zangu, wimbo ule ulinifunga! Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kumtafuta yule mwanamke, nikiamini nikimpata yeye nimempata baba. Nimekaa Musoma, nimeuza dagaa Ukerewe, nimebeba mizigo Bukoba. Kila mahali niliambiwa yuko kwingine. Nilipookoka na kumwoa Modesta, hapa Nyakato, nilidhani yamekwisha. Kumbe bado. Mwaka huu mtu akaniambia yuko mama mmoja Sengerema aliyewahi kuishi na mpiga gitaa. Nikafungasha. Modesta hakulia. Aliniambia tu, "Baba Neema, safari hii ukienda, ukirudi usitegemee kutukuta." Nami, Mungu anisamehe, niliendelea kukunja nguo.

Jumamosi niliyopanga kuondoka nilipita hapa kanisani kurudisha gitaa la kwaya. Nikaona nipige wimbo wa baba mara ya mwisho. Nilipofika kwenye pengo, mtu akalijaza kwa mluzi kutoka nyuma! Alikuwa yule mzee wetu aliyehamia karibuni kutoka Pasiansi, anapanga mabenchi. Hatukujua kwamba zamani alipiga besi katika bendi ile ile.

Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamweleza yote mpaka Sengerema. Alicheka hadi akafuta macho. Kisha akanieleza kwamba baba alitunga wimbo ule gitaa liulize, saksafoni ijibu. Siku ya kwenda Dar es Salaam kurekodi, mpuliza saksafoni akaachwa na treni. Studio walikuwa wamepangiwa saa chache, hakuna nafasi ya kupanga upya. Baba akasema mahali pake paachwe wazi, wapige hivyo hivyo. Wimbo ukapendwa na pengo lake, basi wakaogopa kuliziba.

"Kijana, hakuna mwanamke," alisema. "Umezunguka ziwa zima kumtafuta mlevi wa Igoma aliyepitiwa na usingizi."

Nikamwuliza, sasa baba alikwenda wapi? Kicheko kikamwisha.

"Hilo sijui, mwanangu. Hata sisi hakutuaga."

Ndugu zangu, nilitoka hapa kichwa kimevurugika. Sikujua nicheke au nilie. Zaidi ya miaka ishirini! Afadhali mwanamke angekuwepo, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilikwenda hadi stendi ya Nyegezi, nikatazama magari ya Sengerema yakijaa na kuondoka. Siwezi kudanganya kwamba nilisikia sauti. Sikusikia kitu. Miguu tu ilikataa kupanda. Nikarudi, nikamkuta Modesta anachambua mchele, nikamwambia siendi. Akauliza, mpaka lini? Nikasema sijui, ila leo siendi, na kesho nitakwambia tena.

Ni miezi minane sasa, kila asubuhi namwambia. Mungu hakunipa jibu, lakini amenikalisha, na kwa hilo namshukuru. Wewe unayezunguka, unayetaka ujue kwanza ndipo utulie, usisubiri. Mwamini Bwana ukiwa bado hujui. Mimi hadi leo sijui baba yangu alikokwenda. Ila mke wangu yule pale, benchi la tatu.